Tiketi ya Pointi: Ukate Kabla ya Mpango Kubadilika au Usubiri? Ulinganisho kwa Wasafiri wa Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Shirika la ndege linapotangaza kwamba mpango wake wa pointi, zile ambazo msafiri hukusanya na kuzitumia kulipia tiketi, utabadilika kuanzia tarehe fulani, mwenye pointi hubaki na njia mbili kubwa: kukata tiketi mapema kwa bei ya zamani, au kutulia hadi mpango mpya uonekane ulivyo. Kwa familia nyingi za Kisumu, Siaya, Kakamega na Vihiga, swali hili si la anasa. Mara nyingi pointi zenyewe zimekusanywa na mtoto anayefanya kazi ng'ambo, na huku nyumbani zinangojewa na watu kadhaa kwa pamoja: mama anayetaka kwenda kumwona mjukuu, kijana aliyepata nafasi ya chuo, na ukoo mzima unaojua kwamba msiba ukitokea lazima mtu apande ndege haraka. Msimamo wangu ni kwamba ukubwa wa mabadiliko si jambo la kutangulizwa. La kutangulizwa ni kama safari yako tayari ina tarehe, na kama tiketi inaweza kughairiwa kwa ada ndogo. Mwenye majibu ya mambo haya mawili hapotezi usingizi kwa sababu ya notisi.

Notisi yenyewe isomwe kwa makini, hasa tarehe. Kwa kawaida kinachohesabiwa ni siku tiketi inapotolewa, si siku ya kusafiri. Ukikata tiketi leo kwa bei ya leo, unaweza kusafiri miezi minane baadaye, hata kama bei imepanda katikati. Lakini si kila tangazo hufuata desturi hiyo. Mwezi wa Aprili 2019, United ya Marekani ilipotangaza kuacha chati yake, yaani jedwali la bei za maili (ndivyo pointi za ndege zinavyoitwa mara nyingi), mpaka uliowekwa ulihusu siku ya safari: kila safari ya kuanzia tarehe 15 Novemba mwaka huo ilitoka nje ya chati, bila kujali kwamba msafiri alikuwa amefungua tovuti miezi mingi kabla. Aliyesoma notisi hiyo juu juu alidhani ana miezi saba ya kukata tiketi za mwaka uliofuata kwa bei za zamani, kumbe mlango wa safari hizo ulikuwa umeshafungwa. Maneno ya kutafuta, basi, ni haya: je, bei mpya inahusu tiketi zitakazotolewa kuanzia tarehe hiyo, au safari zitakazofanyika kuanzia tarehe hiyo?

Saa nayo ina maana yake, kwa kuwa siku ya mwisho inaweza kuhesabiwa kwa saa za nyumbani kwa shirika. Usiku wa manane wa Istanbul au Doha ndio usiku wa manane wa Kisumu, lakini Paris iko nyuma yetu kwa saa moja au mbili kulingana na majira, na Texas kwa saa nane au tisa. Kwa kuwa notisi nyingi hazisemi ni saa za wapi zinazotumika, ni busara kumaliza shughuli siku mbili kabla ya mwisho, wakati ambapo simu za huduma kwa wateja bado zinapokelewa na tovuti haijalemewa.

Uzuri wa kukata mapema

Kukata mapema hushinda waziwazi pale ambapo mpango una chati, yaani jedwali linalosema kanda hii hadi kanda ile ni maili kadhaa, na tangazo linasema chati hiyo inapanda. Hapo hakuna kubahatisha. Miles&Smiles ya Turkish Airlines, shirika linalotua Nairobi, ilipandisha chati yake tarehe 15 Februari 2024, na tiketi ya daraja la biashara kati ya Marekani na Uturuki, safari ya upande mmoja, ikatoka maili 45,000 hadi 65,000. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40 kwa usiku mmoja. Mtu aliyekuwa na maili 90,000 na safari iliyokwisha kupangwa alikuwa na tiketi ya kwenda na kurudi mkononi. Asubuhi iliyofuata, maili hizo hizo zilimtosha kwenda tu.

Mashirika mengi hufungua viti vyao kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari, na British Airways hufungua siku 355 kabla. Kwa hiyo mabadiliko yakianza Februari, mtu anayekata mwisho wa Januari anaweza kufika hadi safari ya Desemba, msimu ambao watu wa magharibi wanarudi nyumbani kwa wingi na nauli za pesa hupaa. Tatizo huja kwenye tiketi ya kurudi, kwa maana kiti cha kurudi katikati ya Januari ya mwaka unaofuata kinaweza kuwa bado hakijafunguliwa siku unayokata kile cha kuja. Dawa yake ni kukata kila upande kama tiketi yake: upande uliofunguka ukatwe sasa kwa bei ya zamani, na ule mwingine ulipiwe bei mpya utakapofunguka. Nusu ya akiba bado ni akiba.

Udhaifu mkubwa wa upande huu hausemwi vya kutosha. Tiketi iliyokatwa kwa bei ya zamani hubaki na bei hiyo mradi haijaguswa. Ukitaka kubadilisha tarehe baada ya mpango mpya kuanza, mipango mingi huitoa tiketi upya, na tiketi mpya huhesabiwa kwa bei mpya. Kwa maneno mengine, bei uliyoikimbilia inadumu tu ikiwa tarehe uliyochagua ni ya kweli. Mwanafunzi ambaye barua ya chuo imempa siku ya kuripoti anaweza kuitegemea. Mzazi ambaye bado hajapewa viza hawezi, kwa sababu akisogeza safari wiki tatu mbele, faida yote ya kukimbia inayeyuka.

Uzuri wa kusubiri

Watu hudhani kila mabadiliko ni hasara kwa mteja. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini si mara zote, na zipo nyakati ambapo aliyesubiri alipata nafuu kubwa. Aeroplan ya Air Canada ilipoanza mpango wake mpya tarehe 8 Novemba 2020, iliondoa tozo za ziada za shirika, zile zinazoitwa za mafuta, kwenye tiketi za pointi. Tozo hizo zilikuwa zinalipwa kwa pesa taslimu juu ya pointi, na kwa baadhi ya mashirika washirika zilikuwa nzito. Msafiri ambaye pointi zake zilitosha lakini pesa zilikuwa haba alifanya vyema kungoja. Qatar Airways nayo, ambayo ina safari za Nairobi, ilipoingia katika Avios, pointi zinazotumiwa pia na British Airways, mwezi wa Machi 2022, iliwapa wanachama wake uwezo wa kuhamisha pointi kati ya akaunti ya Qatar na ile ya British Airways. Pointi chache zilizokuwa zimelala kwenye akaunti mbili tofauti, kila moja ikiwa haitoshi kitu, ziliweza kuunganishwa zikawa tiketi kamili.

Sababu ya pili ya kusubiri ni aina ya mpango. Flying Blue ya Air France na KLM iliacha chati isiyobadilika mwaka 2018, na tangu hapo bei ya maili inafuata mahitaji ya siku husika. Wanachotangaza ni bei ya kuanzia. Mapema mwaka 2025 bei hiyo ya kuanzia ilipanda: kati ya Ulaya na Marekani, daraja la kawaida lilitoka maili 20,000 hadi 25,000, na daraja la biashara kutoka 50,000 hadi 60,000. Takwimu hizo zinatisha ukizisoma, lakini msafiri wa Desemba hakuwa akiipata bei ya kuanzia hata kabla ya hapo. Kwake yeye bei ilikuwa tayari juu ya kiwango hicho, na kupanda kwa sakafu hakumgusi sana. Katika mpango wa namna hii ni afadhali kutazama punguzo ambazo Flying Blue hutoa kila mwezi kwa miji iliyochaguliwa, kuliko kukimbizana na tangazo la bei ya kuanzia.

Kusubiri kuna gharama yake pia, na gharama hiyo ni uhai wa pointi. Maili za mwanachama wa kawaida wa Flying Blue huweza kufa baada ya miezi 24 bila shughuli inayokubaliwa na mpango huo. Maili za Emirates Skywards hudumu miaka mitatu. Avios hufa baada ya miezi 36 bila shughuli yoyote kwenye akaunti. Mtu asilinganishe bei mpya na ya zamani kabla ya kuangalia kama pointi zake zitakuwa hai siku ya bei hiyo mpya.

Hesabu inayopaswa kufanywa na kila mtu

Chukua nauli ya pesa, ondoa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia pointi, kisha gawa kwa idadi ya maili. Tuseme nauli ni shilingi 110,000, kodi na tozo ni 35,000, na tiketi ya pointi ni maili 40,000. Kila maili inakupa shilingi 1.87 hivi. Mpango ukipandisha tiketi hiyo hadi maili 50,000, kila maili inashuka hadi shilingi 1.50. Sasa tuseme hakuna mabadiliko yoyote kwenye mpango, ila shirika linaleta ofa na nauli ya pesa inashuka hadi 80,000: maili yako inabaki na thamani ya shilingi 1.12 tu. Ofa ya pesa imeikata thamani ya maili kuliko notisi ilivyofanya. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kukimbilia tarehe ya mwisho, utazame kwanza nauli ya kawaida ya safari hiyo hiyo. Ikiwa iko chini, lipa pesa na uache maili zikae.

Kati ya kukata na kusubiri kuna njia ya tatu ambayo mimi naipendelea kuliko zote mbili, nayo ni kukata tiketi inayoweza kughairiwa. Pointi hurudi, kodi hurudi, unalipa ada tu. Tuseme ada ni euro 70, ambazo kwa shilingi 150 kwa euro ni 10,500. Tuseme pia kwamba kukata mapema kunakuokolea maili 10,000, zenye thamani ya shilingi 15,000 kwa ile hesabu ya hapo juu ya shilingi 1.50 kwa maili. Ukisafiri, umeokoa 15,000, na usiposafiri umepoteza 10,500. Kwa takwimu hizo, inakulipa kukata ikiwa uwezekano wa kusafiri unazidi kiasi cha asilimia 41. Chini ya hapo, subiri. Hesabu haibadiliki kwa familia ya watu wanne, kwa sababu akiba na ada zote mbili huzidishwa kwa wanne. Ada ikiwa ndogo zaidi, kata hata kwa matumaini hafifu. Lakini ikiwa mpango haurudishi pointi, usikate kamwe safari ambayo bado ni wazo.

Pointi za misiba

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ushauri mwingi wa pointi unaosomwa mtandaoni umeandikwa kwa watu wanaopanga likizo. Magharibi mwa Kenya pointi nyingi hazingoji likizo. Zinangoja simu ya usiku. Mtu aliye Birmingham au Minneapolis anaambiwa kwamba mzee amefariki, mazishi ni wiki ijayo Bondo au Emuhaya, na nauli ya pesa ya kuondoka baada ya siku mbili ni ya juu kupindukia. Katika mpango wenye chati, kiti kikipatikana, bei yake ni ile ile iwe umekata mwaka mmoja kabla au usiku ule ule. Katika mpango usio na chati, bei ya maili hupanda pamoja na nauli ya pesa, na akiba uliyoitunza kwa ajili ya dharura inakuwa nyepesi siku unayoihitaji zaidi.

Kwa hiyo, tangazo baya kuliko yote kwa familia ya namna hii ni lile la kuondoa chati, kama Delta ilivyofanya mwezi wa Februari 2015 na United baadaye. Kupanda kwa bei ndani ya chati kunaumiza mara moja tu, kisha unajua ulipo. Lakini huwezi kukata tiketi ya msiba mapema, na huwezi kuikimbiza tarehe ya mwisho kwa safari usiyoijua. Unachoweza kufanya ni kuacha kulundika pointi mpya katika mpango unaoondoa chati, kuzitumia zile zilizopo kwa safari za kawaida zenye tarehe, na kuanza kujenga akiba ya dharura katika mpango ambao bado unatangaza bei zake. Familia yenye pointi za benki za Marekani, zile zinazopatikana kwa kutumia kadi, iko mahali pazuri zaidi, kwa kuwa pointi zikiwa bado kwa benki hazijafungwa kwa shirika lolote.

Pointi za benki: zihamishwe au zingoje?

American Express na Chase, kwa mfano, huruhusu pointi za baadhi ya kadi zao kuhamishiwa Flying Blue, pointi moja kwa maili moja. Zikishahamishwa hazirudi. Notisi ya mabadiliko huwafanya watu wahamishe kwa hofu, ili wawe tayari, na hilo ndilo kosa la kuepukwa kuliko yote. Pointi zilizo benki hazijaguswa na mabadiliko ya shirika lolote. Zikihama, zimebeba hatari zote za mpango mmoja. Tafuta kiti kwanza, kione kwa macho yako, hakikisha mpango unaruhusu kumkatia mtu mwingine, ndipo uhamishe idadi inayohitajika na si zaidi.

Nimeketi kwenye meza ya chakula mtaa wa Milimani, Kisumu, nikatazama kazi hii ikifanywa. Dada mmoja alikuwa Texas mbele ya kompyuta, na mama huku alikuwa amevaa miwani, ameshika pasipoti karibu na taa, akimsomea bintiye herufi moja moja kwenye simu. Pasipoti ilikuwa na majina matatu, na akaunti ya mama iliyofunguliwa zamani ilikuwa na mawili. "Mama, nisomee kama lilivyoandikwa, si kama unavyoitwa," dada alikuwa akirudia kwa upole. Jina lililokosewa hurekebishwa kwa taabu, na baada ya tarehe ya mwisho marekebisho yanaweza kugeuka kuwa tiketi mpya kwa bei mpya. Majina, tarehe za kuzaliwa na siku ya mwisho ya pasipoti viandikwe kwenye karatasi moja kabla hata ya kutafuta kiti.

Kipande cha Kisumu hadi Nairobi

Safari ya kimataifa ya mtu wa huku huanza au kuishia Nairobi, na kuna njia mbili za kuunganisha. Kukata tiketi moja kutoka Kisumu hadi mwisho wa safari kunakupa ulinzi: ndege ya Kisumu ikichelewa, ni jukumu la shirika kukutafutia nyingine. Kukata kipande cha Kisumu peke yake kwa pesa kwa kawaida kunakuachia mzigo huo mwenyewe, ingawa huweza kuwa nafuu na kunakupa uhuru wa kuchagua Jambojet au hata basi. Mabadiliko ya mipango huligusa jambo hili moja kwa moja. Chati ya kanda haitozi zaidi kwa kuanzia Kisumu, ilhali mpango unaopanga bei kwa siku au kwa umbali unaweza kuongeza. Kenya Airways, ambayo sasa ina mpango wake wa Asante Rewards baada ya miaka mingi ndani ya Flying Blue, ingali mwanachama wa SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege, na ndiyo inayomfaa zaidi anayetaka tiketi moja tangu Kisumu. Linganisha bei ya kuanzia Kisumu na ya kuanzia Nairobi kabla na baada ya mabadiliko. Tofauti ikizidi nauli ya kawaida ya kipande hicho, kikate peke yake, lakini ulale Nairobi usiku mmoja.

Nani achague lipi

Mwanafunzi mwenye barua ya chuo na viza mkononi akate kabla ya tarehe ya mwisho, upande mmoja tu, kwa kuwa tarehe ya kurudi hajui. Kama anakwenda Uingereza kuna faida ya ziada katika hilo: ushuru wa abiria wa nchi hiyo hutozwa kwa anayeondoka Uingereza, kwa hiyo tiketi ya kwenda huwa na pesa kidogo za kulipa kuliko ya kurudi.

Mzazi anayengoja viza achukue njia ya tatu, tiketi ya kughairi, baada ya kufanya hesabu ile ya asilimia. Familia inayokuja nyumbani Desemba ikate mara viti vinapofunguliwa, iwe kuna notisi au hakuna, maana kwao adui mkubwa ni uhaba wa viti kuliko bei.

Mfanyabiashara wa Kibuye anayekwenda Dubai kununua bidhaa mara kadhaa kwa mwaka ana hali tofauti na wote. Safari zake ni fupi, nauli zake za pesa mara nyingi si za juu, na maili zake zinaingia kila anaposafiri. Kwake kupanda kwa bei kidogo si sababu ya kukata safari asizozihitaji. Atazame badala yake sehemu ya notisi inayoeleza jinsi maili zitakavyopatikana, kwa kuwa mpango ukiacha kuhesabu umbali na kuanza kuhesabu pesa alizolipa, tiketi zake za bei nafuu zitamletea maili chache kuliko zamani, na hapo huenda ikamfaa zaidi kufuata nauli ya chini ya shirika lolote kuliko kulishikilia shirika moja kwa ajili ya pointi.